Je, filamu ya Netflix hutoka Marekani kila ukibonyeza?

La, ndugu yangu wa Kisauni, haisafiri hivyo. Kuingia kwenye akaunti, kutafuta na mapendekezo hufanyika kwenye seva za AWS, yaani kompyuta za Amazon za kukodi. Netflix ilimaliza kuhamia huko Januari 2016. Video yenyewe hukaa kwenye Open Connect, seva zake za akiba zinazowekwa ndani ya mitandao ya watoa intaneti au kwenye vituo vya kubadilishana data, na hujazwa saa ambazo watazamaji ni wachache.

Kila filamu ina nakala nyingi za viwango tofauti vya ubora wa picha, zilizokatwa vipande vya sekunde chache. Simu yako ndiyo inayoamua: kipande kikichelewa, kinachofuata huombwa cha kiwango cha chini. Ndiyo maana saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa mtandaoni, picha hufifia badala ya kukwama. Watu hulaumu kebo ya baharini (TEAMS ilifika hapa Mombasa 2009), kumbe mara nyingi msongamano uko kwenye mnara wa simu au waifai ya nyumbani. Pima kasi ya intaneti kwa waya: picha ya 1080p (HD kamili) yataka Mbps 5 (megabiti kwa sekunde), ya 4K, iliyo kali zaidi, yataka 15. Na VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine) izime, huenda inakupeleka seva ya mbali.