Mwandishi wa habari anaweza kuwa mshauri wa banki sentrale
Yaya, unauliza kama mdogo wako anayeandika mambo ya uchumi ku gazeti anaweza siku moja kuwa mshauri wa banki sentrale. Anaweza sana. Rupert Pennant-Rea alikuwa mhariri mkuu wa The Economist, gazeti la uchumi la Uingereza, tangu 1986 mpaka 1993, kisha wakamuweka naibu gavana wa Bank of England, njo banki sentrale ya Uingereza, na mbele ya kuingia ku gazeti alikuwa alishatumika mule mule mu banki. Peter Jay naye, ule aliyekuwa mhariri wa uchumi ku BBC, 2003 aliingia mu baraza la wakurugenzi wa banki ile ile.

Banki inawatafutia nini waandishi wa habari? Wanajua kueleza, na watu wasipoelewa kwa nini riba imepanda wanakimbilia dola, bei zinaruka, hata kama hesabu za banki ziko sawa. Hapa Lubumbashi tuliona 2025, franka ya Congo ilipata nguvu ghafla lakini pale mutaa wa Katuba meka (kipimo) ya unga ilibaki bei ile ile, mama muuzaji ananiambia "mimi hii nililipia wakati dola iko juu, nishushe namna gani?" Mtu wa kueleza ile mapema, ku radio, kwa Kiswahili, njo tunamukosa kabisa!

Basi asome takwimu vizuri. Na ajue akiingia kule ataona mambo ya siri, rafiki zake wa gazeti watamupigia simu na atapashwa kunyamaza.