Maswali ya Wasomaji: Barua zetu kwa waandishi hazijibiwi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa zabibu huku Mpunguzi. Sehemu ya mavuno yetu huozea shambani kwa kukosa mnunuzi. Nimewaandikia waandishi wa magazeti walioko Dodoma mjini, nikieleza historia ya kikundi na malengo yake, lakini hakuna aliyejibu. Niandikeje ili nisomwe?
Katibu, Mpunguzi

JIBU: Ndugu Katibu, habari unayo, ila umeifunika kwa historia ya kikundi. Mwandishi akipokea ujumbe wako hufikiria atakachosema katika kikao cha asubuhi mhariri wake akimuuliza kuna jipya gani, na mwaka mlioanzisha kikundi haumsaidii kujibu. Anza na zabibu zinazooza: ni kilo ngapi msimu huu, bei imeshuka au imepanda kutoka msimu uliopita, mnunuzi ametoa sababu gani, na ni mkulima yupi aliye tayari kutajwa jina na kupigwa picha shambani kwake. Aya mbili zinatosha. Andika yale tu unayoweza kuyathibitisha kwa stakabadhi au daftari la kikundi, kwa kuwa mwandishi makini atamtafuta mnunuzi naye ajieleze, na hapo tarakimu za kukisia zitawaumbua ninyi.

Wakati nao una uzito wake. Bunge la bajeti huanza Aprili na kuendelea hadi Juni, na katika miezi hiyo waandishi wengi wa Dodoma hushinda bungeni. Wapo wanaoona huo ni wakati mbaya wa kuwatafuta. Mimi naona ndiyo nafasi yenu, mradi ujumbe ufike siku kadhaa kabla ya bajeti ya Wizara ya Kilimo kusomwa, kwani mwandishi anayejiandaa kwa hotuba ya waziri humhitaji mkulima anayeguswa nayo, na Mpunguzi si mbali na mjini. Mpigie simu asubuhi, maana alasiri huwa anakimbizana na gazeti la kesho.

Kuhusu bahasha, yaani pesa ya kumpa mwandishi ili aandike habari, ambayo hukuiuliza lakini najua wanakikundi wataitaja: msiitoe, kwa sababu habari iliyolipiwa ni tangazo, na mhariri anayeijua kazi yake huligundua. Tumeni kwa gazeti moja kwanza. Zikipita siku tatu bila jibu, mkumbushe mwandishi mara moja, kisha pelekeni habari hiyo kwa gazeti jingine.