Ratili, kilo na begi la mgeni: majibu ya maswali yenu

Mgeni wangu wa mlimani ameandika kuwa begi lake lina "40 lb". Kampuni yetu inataka lisizidi kilo 15. Litapita? (Mwongoza watalii, Moshi)

Halipiti. Hizo "lb" ni ratili, au paundi kama wengi tunavyosema. Gawa ratili kwa mbili, kisha toa sehemu moja ya kumi ya jibu: 40 inakuwa 20, toa 2, inabaki 18. Hesabu kamili ni kilo 18.14, kwa hiyo njia hii ya kichwani unaweza kuiamini. Mjibu leo, kabla hajafunga begi, umwambie mwisho ni ratili 33. Hizo kilo tatu za ziada zitabebwa kichwani na mgumu, yaani mpagazi, mpaka kambi ya Barafu, na yeye ana kichwa kimoja tu.

Nasikia bei ya kahawa ya New York kwenye redio. Nailinganishaje na ya mnada wa hapa Moshi? (Mkulima, Kibosho)

Shikamoo mzee. New York hutaja senti za dola kwa ratili moja. Kilo moja ni ratili 2.2046, hivyo zidisha. Tuseme ni senti 300: hiyo ni dola 3 kwa ratili, dola 6.61 kwa kilo, na kama 330 kwa gunia la kilo 50. Ila kumbuka, hiyo ni bei ya kahawa iliyokwisha kukobolewa. Yako ikiwa bado na maganda, usizidishe bei hiyo kwa kilo zote ulizopima nyumbani.

Mizani niliyoletewa kutoka Marekani inasema mwanangu ana 33. Kliniki walisema 15. Nani mkweli? (Mama, Sakina)

Wote wawili, mama. Ratili 33 ni kilo 15. Igeuze mizani, utazame chini: nyingi zina kitufe kidogo. Kibonyeze mpaka kioo kiandike "kg", kisha ukifunike kitufe hicho kwa plasta kisiguswe tena.

Tafadhali lifanye leo, maana dawa ya mtoto huhesabiwa kwa kilo. Parasetamoli, kwa mfano, kwa kawaida haizidi miligramu 15 kwa kila kilo kwa dozi moja. Mwanao wa kilo 15 mwisho wake ni 225. Ukifika duka la dawa ukasema "ana 33" tu, hesabu itatoka 495, zaidi ya mara mbili. Kosa hili huwakuta hata wataalamu: mwaka 1983 ndege ya Air Canada iliishiwa mafuta angani kwa sababu ratili zilihesabiwa kama kilo. Abiria walinusurika wote. Wewe taja "kilo" kila unapotaja uzito wa mtoto.

Wakia ni gramu ngapi? (Mwanafunzi, Ngaramtoni)

Wakia, ile inayoandikwa "oz", ya vyakula na barua ni gramu 28.35. Ya dhahabu ni nzito zaidi, gramu 31.1. Tanzanaiti haipimwi kwa wakia bali kwa karati, na karati tano ni gramu moja.