"Nishati ya kuamsha" ama "nishati ya kuamshia"?

Swali limetoka kwa mwalimu wa tushen huko Kisauni. Anafundisha kemistri watoto wa fomu 4, kitabu ni cha Kizungu lakini wakikwama huwafafanulia kwa Kiswahili, sasa akisema "nishati ya kuamsha mmenyuko" (activation energy; mmenyuko ni vitu kugeuka kikemikali kuwa vingine) na "joto la mmenyuko" nusu ya darasa wanaandika ni kitu kimoja. Anauliza hivi viwili vinahusiana vipi, na je, Kiswahili ndo kimepungukiwa ama ni watoto?

Mwalimu mwenzangu, watoto hawana makosa, masikio yao mazuri tu. Taabu iko kwa hiyo "ya kuamsha".

Pita Mwembe Tayari usikilize watu wakinunua vyombo. Hakuna anayeitisha sufuria ya kupika, ni sufuria ya kupikia, kisu cha kukatia, ndoo ya kuogea. Ile -i- (ama -e-, kama kwa kuogea) ndani ya kitenzi ndo inakwambia hiki ni chombo, kazi inafanywa kwacho. Ukiitoa maana inageuka: maji ya kunywa ndo yenyewe yatakayonywewa, mchele wa kupika ndo wenyewe utakaopikwa. Kwa hivo mtoto wa hapa akisikia "nishati ya kuamsha" anaelewa ni nishati iliyolala, itaamshwa itoke. Na nishati inayotoka ni ipi? Si ndo hilo joto la mmenyuko! Sarufi kaipata, kemistri imempotea.

Mimi ningesema nishati ya kuamshia. Waweza pia kusema "nishati ya uamilisho", nalo ni sawa, amilisha limetokana na amali, yaani kukitia kitu kazini, ila zito kidogo kwa mtoto aliyetoka kucheza mpira saa hizi.

Sasa uhusiano wenyewe. Mwangalie mama wa viazi karai na jiko lake. Makaa yamekaa guniani wiki nzima, oksijeni imeyazunguka, na wala hayawaki, mpaka atie karatasi, mafuta ya taa kidogo, kiberiti, kisha ashike kipepeo apepee huku machozi yanamtoka, ndo yashike. Taabu yote hiyo ya kukoka ni nishati ya kuamshia. Yakishashika, kila gramu 12 za kaboni zikiungua kabisa zinatoa kama kilojuli 394, hilo ndo joto la mmenyuko, linakaanga viazi na papo hapo linaamsha makaa ya jirani, manake kiberiti hakitakiwi tena.

Kwa hesabu mchoree hamali na mkokoteni akivuka kilima, na kule kupanda ndo nishati ya kuamshia. Tuseme kukipanda kutoka upande huu ni kilojuli 50, na kukipanda kutoka upande wa pili, ambao uko chini zaidi, ni 80. Joto la mmenyuko wa kwenda ni 50 toa 80, yaani hasi 30, na hasi hapo ni kusema joto limetoka nje. Wa kurudi ni 80 toa 50, chanya 30, huo unafyonza. Upande mmoja peke yake haukwambii joto ni ngapi, unahitaji pande zote mbili, na urefu wa kupanda unakwambia kasi ya mmenyuko tu, jambo ambalo mwanakemia Svante Arrhenius wa Uswidi alilieleza 1889.

Halafu chunga neno kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha, nalo lina mtego wake. Jikoni kuchochea ni kusukuma kuni ndani moto uzidi, basi watoto wanadhani kichocheo kinaongeza joto. Hakiongezi hata chembe. Kinapunguza kilima pande zote sawasawa, ile 50 ikawa 30 na ile 80 ikawa 60, toa uone, bado ni hasi 30.

Na tafadhali usije ukarahisisha ukaandika "joto la kuamshia" ubaoni, nimeona daftari zenye hilo. Si lazima kiamshio kiwe joto. Hidrojeni na klorini ukizichanganya gizani zinatulia zake, mwanga wa jua ukizipiga zinalipuka.