Mtikiso wa injini kwenye mashine ndogo ya kupakia

Ndugu, umeuliza kama unaweza kubadilisha raba mbili tu za kushikilia injini na kupunguza mtikiso wake kwenye mashine yako ya kupakia mchanga huko Nakuru, kwa kuwa nyingine mbili bado zinaonekana nzima. Ushauri wangu ni kuzibadilisha zote nne, kwa sababu raba mpya ikikaa pamoja na iliyokwisha kulegea, injini huinama upande mmoja, na pampu ya haidroli iliyounganishwa nayo huanza kuvuta kiungo chake nje ya mstari. Kiungo hicho kikiharibika, gharama yake itazidi ya raba kwa mbali.

Kabla ya kugusa bolti yoyote, inua mikono ya mashine na uifunge kwa kizuizi chake cha chuma, kwani haidroli peke yake haiaminiki, kisha ondoa waya hasi wa betri. Tegemeza injini kwa jeki na kipande cha mbao kipana ili sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, isibonyee, ubadilishe raba moja baada ya nyingine, na usikaze bolti kabisa mpaka zote ziwe zimeshika.

Chunguza pia kama kuna dizeli au oili inayovuja juu ya raba, maana hiyo huzilainisha haraka. Vipande vya tairi kuukuu wanavyochonga baadhi ya mafundi wa jua kali badala ya raba hizi ni vya kukufikisha karakana tu.