Kwa kijana wa Lamu anayeingia mafunzo ya uanahabari: kazi huanza kabla ya kupanda boti

Mwaliko wa mradi wa kubadilishana waandishi chipukizi ukifika, swali la kwanza la wengi ni tarehe ya safari. Anzeni na swali jingine: mtakwenda na habari gani ya Lamu, imechunguzwa kiasi gani, na nani atakuwa na neno la mwisho juu yake? Wiki mbili za kukaa na wenzenu ugenini huisha upesi mno. Chumba cha kuhariria mtapewa, kompyuta mtapewa, lakini fundi wa majahazi wa Matondoni hamtampata huko, wala sauti ya nyundo yake juu ya mbao. Ambacho hamkukibeba kutoka nyumbani hamtakipata tena, na mradi utajazwa na vitu vya kubahatisha.

Mwenzenu wa ng'ambo huja na Lamu yake kichwani: punda, tanga, machweo, au habari za usalama za upande wa mpakani. Ndiyo picha alizoziona. Mkimpa mada pana, atairudisha kwenye picha hizo hizo. "Bandari na wavuvi" ni mada tu. Ikunjeni mpaka iwe na mtu, mahali, kipimo na muda: mvuvi wa kijiji fulani leo anakwenda umbali gani kutega, alikuwa akienda wapi kabla ya njia ya meli kuchimbwa, na safari moja inamlia lita ngapi za mafuta? Swali kama hilo hupimika, na mtu wa mbali hawezi kulijibu kwa kukisia.

Tengenezeni ukurasa mmoja wa mambo yaliyothibitishwa, kisha kila mmoja kwenye kikundi aujue kwa moyo. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Gati la kwanza la bandari mpya lilianza kazi Mei 2021. Kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilipangwa kujengwa Kwasasi, na Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni yake, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Waandishi wa nje huchanganya hayo mawili mara kwa mara, wakaandika kana kwamba bandari na makaa ni kitu kimoja. Mkiwa ndani ya chumba cha habari, kosa hilo ni lenu kulisahihisha kabla halijachapishwa.

Chukueni pia hukumu ya wavuvi ya mwaka 2018. Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi wa bandari. Ukigawa, kila mtu ni kama shilingi 382,000, na hapo ndipo mwanafunzi anapoteleza akaandika "kila mvuvi amepata 382,000". Hukumu ni jambo moja na malipo ni jambo jingine. Wastani nao haumwambii mtu nani amepata nini. Andikeni kila mara: mahakama iliamua nini, lini, na mvuvi mliyemhoji anasema mkononi mwake kimefika nini hadi siku ya mahojiano. Pembeni ya kila tarakimu wekeni ilikotoka: hati gani, ukurasa gani, siku gani mliisoma.

Hati za serikali hazipatikani kwa siku moja. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu, na saa 48 pale uhai au uhuru wa mtu unapohusika. Kwa hiyo barua ya kwenda ofisi za kaunti Mokowe itangulie safari kwa mwezi na nusu hivi. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri na tarehe, mrudi nayo. Bila muhuri hamna la kuonyesha mkiambiwa barua haikufika.

Sasa sauti. Hapa ndipo kazi nyingi za vijana wa pwani huharibika, na mara nyingi lawama si ya simu. Upepo wa kusi ukishika, maikrofoni isiyovikwa hurekodi mngurumo, na mngurumo uliolala juu ya maneno hauondoki bila kuyala maneno yenyewe. Sponji nyembamba inayouzwa pamoja na maikrofoni haitoshi ufukweni. Tafuteni kifuniko cha manyoya, na mhojiwa akae mgongo kwenye ukuta unaokinga upepo. Maikrofoni iwe shubiri moja kutoka kidevuni. Kipimo cha sauti kicheze karibu na desibeli -12 mtu anapozungumza kwa nguvu, kisiguse sifuri hata mara moja, kwa sababu sauti iliyopasuka haishoneki. Simu iwekwe kwenye hali ya ndege. Kwenye simu nyingi, mtu akipiga katikati ya mahojiano rekodi hukatika.

Vyumba vya nyumba za mawe vina kuta nene zinazozuia kelele za nje, lakini chumba kitupu kinarudisha mwangwi. Chagueni chenye zulia, godoro na mapazia. Pangaboi lizimwe, friji nayo izimwe, na mtu mmoja apewe kazi ya kukumbuka kuiwasha tena, maana samaki wa wenyewe wakiharibika hamtakaribishwa mara ya pili. Daka, yaani baraza ya mlangoni, ni pahali pazuri pa mazungumzo ila punda na mikokoteni hupita. Patumieni kwa picha zaidi kuliko kwa mahojiano marefu. Adhana ikianza, simameni mpaka iishe. Ni heshima, na ni ufundi pia: mkikata sentensi huku adhana inasikika nyuma, masikio ya kila msikilizaji wa hapa yatasikia adhana imerukwa, na hataamini tena mlichokata. Kila mahali mnapotoka, rekodini dakika moja ya mahali penyewe bila mtu kusema. Hiyo ndiyo itakayoziba viungo wakati wa kuhariri.

Mipango ya visiwani ifuate maji, si saa ya ofisini. Boti ya kwenda Pate inayopita mlango wa bahari wa Mkanda inategemea maji kujaa, na maji husogea kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo muda uliofaa Jumatatu haufai Ijumaa. Ulizeni nahodha ni bamvua (maji makubwa) au maji mafu (maji madogo) kabla ya kumwahidi mtu wa Siyu, kisiwani Pate, kwamba mtafika asubuhi. Wageni wa mradi huona ratiba hizi kama uzembe mpaka mwaelezee sababu. Waelezeni mapema, kwa maandishi.

Video isiyopatana na ya wenzenu hula siku nzima ya mradi. Kubalianeni kabla ya kurekodi: kwa Kenya na Ulaya, picha 25 kwa sekunde, ukubwa wa 1080p, na kasi ya kufumba (shutter) ya 1/50 ya sekunde. Umeme wetu na wao ni wa hezi 50, na mkienda na mipangilio ya Marekani ya picha 30, taa za ndani zinaweza kuwakawaka kwenye video. Simu nyingi pia hubadilisha idadi ya picha zenyewe kadiri mwanga unavyopungua. Mtaiona shida hiyo kwenye kompyuta: mwanzoni midomo na sauti viko pamoja, dakika ya kumi vimeachana. Tumieni programu inayofunga idadi hiyo wakati wa kurekodi, au geuzeni faili ziwe na idadi moja kabla ya kuanza kuhariri. Dakika moja ya 1080p hula takriban megabaiti 60 hadi 130 kulingana na simu, yaani saa nzima inaweza kufika karibu gigabaiti 8. Hamtazituma zote kwa bando. Tumeni nakala nyepesi, faili kamili zisafiri kwa mkono.

Majina ya faili yaanze na mwaka, mwezi, siku, kisha mahali na mtu: 20250614_shela_nahodha_01. Yatajipanga yenyewe, na hakuna atakayebisha kama 6/4 ni Juni au Aprili. Nakala ziwe tatu, kwenye vifaa viwili tofauti, moja ilale nyumba nyingine. Chumvi ya baharini na mchanga ni adui wa kadi na matundu ya chaja, kwa hiyo mfuko unaofungwa vizuri ni sehemu ya vifaa.

Jambo ambalo hakuna mkufunzi wa nje atakayewafundisha ni Kiamu, lahaja ya Lamu. Mzee akisema "ndaa", anasema njaa. "Ndia" ni njia. "Mato" ni macho. "Nti" ni nchi. Na akikuita "ndoo", anasema njoo, hakutaki ulete ndoo ya maji. Mfasiri aliyejifunza Kiswahili sanifu, na programu za kunukuu sauti, hukosea hapo hapo, tena kosa hutoka na sura ya sentensi kamili ndipo likapita. Andikeni wenyewe maneno ya mhojiwa kama alivyoyasema, chini yake sanifu, kisha tafsiri. Safu tatu. Kazi hiyo ni ndefu, dakika kumi za mazungumzo zinaweza kula asubuhi nzima, lakini msikubali ifanywe na mtu mwingine. Maneno ya mtu wenu ni amana. Msimsafishie usemi pia; anayeongea Kiamu aachiwe Kiamu chake kwenye sauti, Kiswahili sanifu kikae kwenye manukuu, yaani maandishi ya chini ya video. Manukuu yawe mistari miwili kwa wingi, herufi zisizidi 40 hivi kwa mstari. Tafsiri ikizidi hapo, fupisheni tafsiri badala ya kuharakisha maandishi, kwa sababu mtu atasoma nusu ikapotea.

Saa nazo zina mtego wake. Mvuvi akisema alitoka saa kumi na moja, mfasiri wa kigeni ataandika 11:00, ambayo kwa hesabu yetu ni saa tano, na habari nzima ya bahari itageuka. Ongezeni alfajiri au jioni kila mara, na kwenye tafsiri wekeni 5:00 a.m. kwa alfajiri, 5:00 p.m. kwa jioni. Kwa mikutano ya mtandaoni, andikeni saa za Afrika Mashariki. Berlin iko nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa joto, kwa kuwa wao husogeza saa mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba. Kikundi kinachokosa mkutano wiki hizo mara nyingi hakikukosa kwa uvivu.

Ridhaa ichukuliwe kwa sauti, kabla ya swali la kwanza: jina, kazi hii ni ya nini, itaonyeshwa nchi gani, kwa lugha gani, na mtu anaweza kujiondoa hadi lini. Kusema "ni ya mafunzo tu" wakati itawekwa kwenye intaneti ya nchi nyingine ni kumdanganya. Kwa mtoto, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi. Ya mwalimu wa madrasa peke yake haitoshi. Mwanamke aliyekubali kusikika hajakubali kuonekana. Ulizeni kimoja kimoja. Ndani ya Ngome na Makumbusho, ruhusa ni ya Makumbusho ya Kitaifa. Ndege isiyo na rubani isipae bila idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga, na kwa Lamu msijaribu bahati.

Makubaliano na washirika yawe kwenye karatasi, hata kama ni ukurasa mmoja: nani ana haki ya kuhariri mara ya mwisho, majina ya nani yatatajwa, nani anamiliki faili ambazo hazikutumika, na nyinyi mnakataa nini. Kataeni kabisa kichwa cha habari kubadilishwa bila nyinyi kukiona. Hapo ndipo Lamu hugeuzwa.

Upande wa fedha, bajeti nyingi za nje zinaanza Nairobi, na safari yenu inaanza gatini. Boti hadi Mokowe, basi hadi Mombasa, gari au treni hadi Nairobi, malazi ya usiku wa kutoa alama za vidole za viza, kisha kurudi: orodhesheni yote, na mpewe kabla, kwa sababu kijana asiye na mshahara hawezi kungoja kurudishiwa. Viza ya Schengen, ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, huombwa kuanzia miezi sita kabla na si chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15 lakini unaweza kufika 45. Bima iwe ya euro 30,000 au zaidi. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu na ibaki hai miezi mitatu baada ya siku ya kutoka huko. Ada ya mtu mzima ni euro 90, lakini mwakilishi wa shirika lisilo la faida mwenye miaka 25 au chini, anayekwenda kwenye semina au shughuli ya elimu iliyoandaliwa na shirika kama hilo, husamehewa ada hiyo; kwa hiyo barua ya mwaliko na ya shirika lenu zitaje jambo hilo wazi.

Kazi ikikamilika, irudi kwa waliohojiwa kabla ya mtandao kuiona, au siku hiyo hiyo. Kiungo kwenye simu hakitoshi kwa mzee wa Matondoni. Ibebeni kwenye kadi, mwaombe baraza baada ya Isha, muicheze hadi mwisho na kalamu mkononi. Akisema "hapo sikusema hivyo", andikeni dakika na sekunde, na usiku huo huo mtume kwa mhariri wa upande wa pili.