Ile picha ya maktaba niliipiga nikitoka kuosha vyombo

Mdogo wangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama ndani ya basi. Unasema ami amepata mnunuzi wa kile kiwanja cha Mtwapa, agenti anataka pesa ya kushikilia nafasi kabla ya Ijumaa, na chuo ni hiki hiki changu cha Marekani ila wewe umepangiwa kampasi nyingine, "lakini cheti ni kimoja". Kisha ukamalizia: "Si hata wewe uko hapo na umetulia."

Nimetulia. Haya.

Najua aliyewaambia nimetulia. Ni ile picha. Nimevaa koti jekundu, nyuma yangu maktaba ya mawe yenye nguzo kama ikulu, theluji imelala kwenye ngazi. Nasikia ami ameituma Kilifi yote mpaka Malindi, na shangazi huitoa simuni hata harusini. Ile ni kampasi kuu. Mimi sisomi pale. Nasoma kwenye tawi, mwendo wa dakika 50 kwa basi, ghorofa ya tatu ya jengo la maofisi. Ghorofa ya pili yuko daktari wa meno, chini wanauza magodoro. Siku nyingine mwalimu anafundisha na sisi tunasikia mashine ya meno inalia. Maktaba yetu ni chumba chenye kompyuta sita. Agenti hakudanganya, cheti ni kimoja. Alichoacha kusema ni kwamba ada nayo ni moja.

Kampasi kuu naenda kufanya kazi. Naosha vyombo kwenye bwalo la wanafunzi.

Nikueleze, maana nimechoka kukwepa. Trei zinakuja juu ya mkanda unaotembea, zinatoka upande wa wanafunzi, zinapita kidirishani, zinaingia kwetu. Mimi ndiye wa kwanza kwenye mstari: nakwangua mabaki, uma huku, bilauri kule, sahani kwenye mashine. Kidirisha kiko usawa wa kifua, kwa hiyo mleta trei anaona mikono na aproni tu, uso hauoni mpaka ainame. Chakula kinachotupwa hapo usiniulize. Paja zima la kuku, halijaguswa. Wiki ya kwanza nilikuwa nahesabu. Nikaacha.

Jumatano moja nikasikia sauti naijua. Mwalimu wetu wa takwimu, ambaye hutoka kampasi kuu kuja kutufundisha kule kwenye magodoro. Alileta trei yake na kusema asante, kama wasemavyo wachache. Akaanza kuinama atazame anamshukuru nani. Mimi nikawahi kuinama zaidi yake, nikajifanya natafuta kijiko sakafuni. Jioni ile ile alisimama mbele ya darasa akasifu hesabu zangu. Sikuweza kumtazama.

Hakuna aliyenitukana, elewa hilo. Kazi si aibu, na wenzangu pale jikoni, mama mmoja wa Haiti na kijana wa El Salvador, wamenifaa kuliko darasa zima. Aibu niliibeba mwenyewe kutoka Kilifi.

Picha niliipiga siku hiyo hiyo, kabla ya kupanda basi kwenda darasani. Aproni iko ndani ya begi. Nilimwomba mpita njia anipige. Mikono nimeitia mifukoni, nanyi mkadhani ni baridi. Ilikuwa imepasuka kwa sabuni ya ile mashine.

Mbona niliituma? Kwa sababu ya daftari. Unalikumbuka daftari la harambee, lenye jalada la bluu? Kabla sijasafiri niliyapiga picha kurasa zote, ninazo kwenye simu. Namba 41 ni yule bibi wa mahamri pale stendi, shilingi 200. Mia mbili zile ni mahamri mangapi? Sasa mtu wa namba 41 anauliza, "Mtoto wetu anaendeleaje?" Nimpelekee picha ya ndoo ya mabaki?

Tuhesabu basi, maana ami anapenda hesabu. Hapa masomo huuzwa kwa krediti, yaani vipimo vya kozi, na krediti moja ni dola 1,850. Shahada yangu ya uzamili ni krediti 36. Hizo ni dola 66,600, zaidi ya shilingi milioni nane na nusu, na hujala, hujalala, hujalipa bima ya afya ambayo ni lazima. Harambee ilileta milioni moja na laki nne. Kila mtu alipiga makofi, mwenyekiti akalia. Mdogo wangu, harambee ile haikumaliza muhula mmoja. Kozi tatu za muhula ni krediti tisa, dola 16,650. Kupunguza kozi siwezi, viza ya mwanafunzi inataka nisome muda wote. Ada isipolipwa husajiliwi, na usiposajiliwa makaratasi yako yameharibika.

Na kazi? Viza hiyo ya mwanafunzi, F-1, hairuhusu zaidi ya saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea, tena ndani ya chuo tu. Kima cha chini hapa Massachusetts ni dola 15 kwa saa. Mia tatu kwa wiki, kabla ya kodi. Chumba changu ni 850 kwa mwezi, jiko moja watu wanne. Sasa niambie ile ada inatoka wapi. Inatoka kwa kampuni inayokopesha wanafunzi wa kigeni bila mdhamini, kwa riba ambayo sitaitaja hapa, mama akiisikia atapanda presha.

Watu watakwambia, "Fanya ya pembeni, mbona fulani anafanya." Fulani akikamatwa anarudishwa, na harambee ya kumrudisha haipo. Usifanye. Nimeshashawishika mara mbili, ndiyo maana nakwambia usifanye.

Kwa hiyo kiwanja kisiuzwe. Mwambie ami hivyo, mwambie nimesema mimi, kwa heshima zote. Zile pesa alizowahi kuniwekea kwenye akaunti ili benki iandike barua, kisha zikarudi kwa wenyewe, zilionyeshwa tu, hazikulipa kitu. Asirudie mchezo ule kwako. Tena dola 350 za SEVIS, ule mfumo wao wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, na 185 za viza, ukinyimwa pale ubalozini Gigiri, hazirudi.

Agenti muulize analipwa na nani. Hapendi swali hilo, lakini maagenti wengi hupata kamisheni kutoka chuoni kwa kila kichwa. Muulize anwani ya kampasi, mtaa na namba ya jengo, kisha ifungue kwenye ramani ya simu uitazame barabara ilivyo. Ukiona duka la magodoro, unipigie.

Muulize pia kama kozi iko kwenye orodha ya STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Mimi sikujua kuuliza. Ukimaliza shahada unaruhusiwa kufanya kazi ya fani yako mwaka mmoja. Kozi ikiwa kwenye orodha hiyo, unaweza kuongezewa miezi 24. Yangu haimo. Nina mwaka mmoja, na ndani yake nisikae bila kazi zaidi ya siku 90. Chuo kile kile kina kozi inayofanana na yangu kama pacha, ipo kwenye orodha, na ada ni ile ile. Hilo linaniuma kuliko vyombo.

Na kuna jambo ambalo nyumbani hatuambiwi, sijui kwa nini. Uzamili ndio biashara yao, hapo ndipo wengi tunalipa kutoka mfukoni. Uzamivu, yaani PhD, katika vyuo vikubwa mara nyingi hulipiwa: hudaiwi ada, unapewa na posho, wewe unafundisha au unafanya utafiti wao. Na vyuo vingi hapa havidai uwe na uzamili kwanza. Wewe una daraja la kwanza la kemia, kwani unanunua nini? Ofisi ya Nairobi ya EducationUSA, mtandao wa serikali ya Marekani wa kushauri wanaotaka kusoma huku, inatoa ushauri bure. Nenda kabla ya Ijumaa ya huyo agenti. Na binamu yako aliye kidato cha nne, akipata alama nzuri, aanze kutazama Harvard, Yale, Princeton na MIT. Wale humpokea mwanafunzi wa shahada ya kwanza bila kuangalia uwezo wa pesa wa kwao, hata akiwa mgeni, na akiingia humjazia kilichopungua. Kuingia ni kama kupita kwenye tundu la sindano. Lakini kujaribu kwake hakuuzi kiwanja.

Usije. Kama unakuja, usije mwezi wa kwanza, katikati ya baridi na giza. Mwezi wa kumi na mbili jua linazama saa kumi na robo jioni, nawe unatoka kazini gizani ukidhani umepitiwa na siku nzima.

Lakini nisikunyime ukweli wa upande wa pili, utasema nataka kubaki peke yangu. Ile maktaba, mimi huingia. Kadi ya tawi inafungua mlango. Nikimaliza zamu siku isiyo na darasa nanawa, navua viatu vilivyolowa navaa vingine, nakaa ghorofa ya nne dirishani mpaka basi la mwisho. Hakuna aliyewahi kuniuliza nafanya nini pale. Nimesoma mule zaidi ya nilivyosoma miaka yote minne nyumbani, wallahi. Kuna usiku nashuka zile ngazi nikajiona ni yule yule wa kwenye picha.

Barua hii msomee ami, yote, hata pa magodoro. Mama usimsomee pa mikono. Bibi wa namba 41 nitamwandikia mwenyewe, sijajua niseme nini.

Kiatu unavaa namba ngapi siku hizi? Mwezi wa nne vile vya theluji hushushwa bei, nikununulie vikae.